Mwenye Kibanda Ametoka Kidogo

Nekoye alipiga magoti mbele ya jiko, akafukua majivu kwa kijiko kilichopinda. Kama kila asubuhi, makaa matatu yalikuwa yanamngoja chini pale, mekundu kama macho ya mlevi aliyekataa kulala. Everlyne hakuwa amesahau. Everlyne hasahau. Akimaliza kukaanga omena yake jioni, wale dagaa wa ziwani, hufukia makaa kwenye majivu ndio mwenzake asianze siku na kiberiti.

Nekoye alikuwa ametembea kutoka Kawangware, akapita Riruta Satellite akiwa amejitwika unga uliokandwa, saa nzima, na miguu ilikuwa inamdai kiti. Hakukaa. Alibandika sufuria, akapuliza, na moshi ukatoka kwenda relini.

Kibanda chenyewe kilikuwa nguzo nne na mabati sita, pale Kisumu Ndogo, hatua kumi kutoka reli. Lakini kilikuwa na watu watatu. Kutoka alfajiri hadi saa nne kilikuwa cha Nekoye, chai na mandazi. Saa nne hadi saa kumi, cha Omolo, fundi wa viatu. Saa kumi kuendelea, cha Everlyne na omena yake. Omolo ndiye alileta mabati, Everlyne akaleta nguzo. Nekoye, kwa maneno yake mwenyewe, alileta wateja. Miaka saba wamekaa hivyo, na hawajawahi kuwa ndani wote watatu kwa wakati mmoja. Wangetoshea wapi?

Ng'ambo ya reli stesheni mpya ilikuwa inapanda. Nguzo za zege, vyuma vimechomoza juu, wasee wa mjengo na helmeti zao wakiitana. Mbele yake palikuwa na bango kubwa, na kwenye bango picha ya vile mambo yatakuwa: paa la vioo, treni nyeupe, miti ambayo imeshakua. Watu kwenye picha walikuwa wanatembea polepole wakibeba vibegi. Hakuna aliyekunywa chai. Hata mmoja hakuonekana kama ana njaa. Na mahali pale pale ambapo kibanda kilikuwa kimesimama, palisimama mwanamke mwenye rinda la manjano, akiangalia mbali.

Nekoye alikuwa amempa jina. Alimwita Maggie.

Treni ya zamani ikikaribia, chai ndiyo hujua kwanza. Kabla masikio hayajasikia chochote, vikombe huanza kutetemeka, duara ndogo ndogo zinacheza juu ya maziwa, halafu ndio watu wanatoka relini. Hizo dakika mbili, vikombe vikicheza, Nekoye huwa haonekani vizuri. Mwili uko pale na kijiko, yeye ameingia kwenye picha. Huko ana duka la vigae, na bomba la maji ndani. Maggie anakuja, rinda linapepea, anasema, "Mum, nipe chai na mandazi mbili." Na Nekoye anamjibu, "Keti, mrembo. Umesimama sana."

Halafu treni inapita, vumbi linaingia kwenye sukari, na mtu anapiga kelele, "Mathe! Chai yangu inamwagika na wewe unaota!"

Hilo duka halikuwa ndoto tupu. Stesheni mpya ingekuwa na vibanda arobaini, vya wale waliohesabiwa kando ya reli. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha. Mwenye kibanda afike ofisini kabla ya saa kumi, na kitambulisho. Asiyefika hapati kitu, na mahali pake panaandikiwa notisi ya kubomolewa.

Shida ilianza siku ya kuhesabiwa, wiki tatu nyuma. Kijana wa mradi, anaitwa Kiarie, alikuja na tableti na koti la kung'aa, saa nne kasoro kidogo. Nekoye alikuwa anafungasha vikombe, Omolo ameshatoa nyundo.

"Mwenye kibanda ni nani?" Kiarie aliuliza.

"Inategemea saa," Omolo akamjibu.

"Buda, niko serious. Fomu ina mtu mmoja. Mmoja tu, na majina yote matatu."

"Nekoye," Nekoye alisema.

Kiarie akangoja. Nekoye alimwangalia Omolo na viatu vyake vya watu vilivyopangwa kwenye gunia. Akaangalia karai la Everlyne limetundikwa msumarini, jeusi, linangoja jioni. Alijua vizuri anachoulizwa. Alishindwa tu kukisema kwa njia ile ambayo ingewaacha wenzake nje.

"Omolo," akaongeza. "Na Everlyne."

Kiarie alicheka, akatikisa kichwa. Lakini betri ilikuwa imebaki asilimia nne, na kulikuwa na vibanda thelathini mbele yake. Akaandika: Nekoye Omolo Everlyne. "Jinsia?"

"Hapo acha wazi," Omolo alisema. Kiarie akampiga picha Nekoye mbele ya kibanda, kwa sababu ndiye alikuwa mbele, akaenda.

Sasa siku imefika. Walikuwa wamepanga kwenda pamoja, lakini kazi haijui mipango. Everlyne alikuwa ameenda Gikomba kununua omena na hajarudi, na Omolo alikuwa na viatu vya mtu wa harusi.

"Tangulia, mulamwa," Omolo alisema. Alipenda kumwita hivyo, shemeji kwa Kiluhya, ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenzake. "Nakufuata. Nishone tu huyu bwana harusi asiingie kanisani vidole vikichungulia."

"Usichelewe, jaduong'," Nekoye akamjibu, naye akimwita mzee kwa Kijaluo.

Ofisi ilikuwa ndani ya stesheni isiyoisha. Vioo bado vilikuwa na plastiki, sakafu ilinukia saruji mbichi. Foleni ilimla Nekoye kwa muda wa saa nne na nusu, ikamtema dirishani saa kumi kasoro robo. Ofisa aliyekuwa pale anaitwa Mbuthia, mtu mzima, mpole, na kikohozi.

"Mama, huyu mtu hayuko," alisema baada ya kuangalia mashine. "Nimemtafuta kila mahali. Hajazaliwa."

"Ni sisi."

"Sisi si jina." Mbuthia alisukuma karatasi chini ya kioo. "Lakini picha ni yako. Hapa inasema kibanda ni chako peke yako. Weka kidole, nibadilishe sasa hivi. Wale wengine naandika wasaidizi."

"Na wasaidizi watapata nini?"

"Watapata kusaidia." Akakohoa. "Tena hapana. Sheria ya huko ndani ni duka moja, mtu mmoja, hakuna kubadilishana. Mama, mimi sikutunga hii fomu. Ilikuja ikiwa imefungwa. Lakini usipoweka kidole, nyinyi wote watatu mnakosa."

Nekoye alibonyeza kidole gumba kwenye wino. Wino wa bluu, baridi.

Nje, reli zilikuwa zimeanza kuvuma. Alizisikia kwa nyayo, na kabla hajajizuia alikuwa ameshaingia kwenye picha. Duka lilikuwa pale. Vigae vyeupe. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, akacheka. Maggie alikuwa mlangoni, rinda la manjano, anangoja chai. "Dakika moja, mrembo," Nekoye alisema, akainama kuwasha moto. Akapapasa. Vigae tu. Akapapasa tena, huku na huku, akitafuta majivu. Hakukuwa na majivu. Hakuna mtu alikuwa amemwekea moto.

Treni ilipita. Vioo vilitetemeka kwenye plastiki yake. Kidole kilikuwa bado hewani, na Mbuthia alikuwa anakiangalia.

"Mama?"

Nekoye alipangusa kidole kwenye leso. Wino haukutoka wote.

"Hebu mwite huyo mtu," alisema. "Kwa jina lake. Labda atakuja."

Kwa sababu ilikuwa sheria kuita mara tatu kabla ya kufunga faili, Mbuthia alivuta kipaza sauti. Vipaza vya stesheni vilikuwa vipya na havikujua kunong'ona. "NEKOYE OMOLO EVERLYNE," vilisema, na jina likatoka nje, likavuka reli, likapita juu ya mabati hadi Makina, ambako mtu fulani akiuza viazi aliinua kichwa. Lilisikika kama mtu kweli. Nekoye alimwona: mrefu, mikono ya Omolo, kicheko cha Everlyne, miguu imechoka kama yake.

Mara ya pili. Foleni iligeuka kutafuta.

Mara ya tatu, Omolo aliingia mbio akiwa na kiatu kimoja cha bwana harusi mkononi, na nyuma yake Everlyne, moja kwa moja kutoka Gikomba, beseni kichwani na harufu ya omena ikimtangulia.

"Yuko!" walisema watatu, karibu kwa pamoja.

Foleni ilicheka. Hata Mbuthia alitabasamu. Halafu saa ikafika kumi, akaandika *Hakuonekana*, akagonga muhuri, akafunga dirisha.

Walirudi, Nekoye akiwasimulia vile mashine ilisema mtu wao hajazaliwa. Hakuna aliyejua zamu ilikuwa ya nani, kwa hivyo wote waliingia. Everlyne alikaa kwenye debe, Omolo kwenye gunia la viatu, Nekoye akabaki nusu ndani, nusu nje. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mulamwa, hiyo kidole imepatwa na nini?" Omolo aliuliza.

"Ilitaka kuwa tajiri. Nimeirudisha."

Everlyne alielewa kwanza. Alifukua jiko, akapuliza makaa, akamsogezea Nekoye sufuria ya chai, ingawa jioni kibanda kilikuwa chake na omena ilikuwa inangoja.

Chai ilikuwa inachemka Kiarie alipokuja. Koti la kung'aa, karatasi mkononi, uso wa mtu aliyetumwa.

"Sasa, mathe. Niko na notisi ya kubomoa." Hakuwaangalia. "Lazima ipokelewe na mwenye kibanda. Asaini yeye mwenyewe, jina lilivyo hapa. Bila sahihi yake tingatinga haliwezi kuja."

Omolo alichukua karatasi, akaisoma kwa mbali kama wazee wanavyosoma. "Imeandikiwa Nekoye Omolo Everlyne."

"Ndio huyo."

"Si leo ofisi imesema hajazaliwa?"

Kiarie akaichukua karatasi yake. "Si ni mashine. Huko ni kuthibitisha, hii ni kubomoa. Ni idara tofauti."

Walitazamana, wote watatu, katika kale kanafasi ambako magoti yalikuwa yanagusana.

"Ametoka kidogo," Nekoye alisema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Hasemi," Everlyne alijibu, akichambua omena kwenye beseni. "Ana shughuli nyingi."

"Lakini keti," Nekoye akamwambia. "Umesimama sana."

Kiarie alitazama karatasi, akatazama stesheni, akatazama bango lenye mwanamke wa manjano. Kisha akaketi kwenye jiwe la nje. Nekoye alimpa kikombe, na kwenye ubavu wake palikuwa na alama ya kidole gumba, ya bluu. Kiarie aliiona. Akakizungusha kikombe, akanywea upande mwingine.

Notisi ilikaa juu ya goti lake. Duara ndogo zikaanza kucheza juu ya chai, na kando ya reli watu wakaanza kusogea.