Mwenzako Yupo?

Kwenye choo cha uwanja wa ndege wa Osaka, wanawake wa msafara walipanga foleni kunawa mikono. Mabomba ya pale hayana koki. Unaweka mikono chini yake na maji yanatoka yenyewe. Kwa Wening hayakutoka.

"Mikono ya maiti hiyo," Bi Lastri alisema, wenzake wakacheka.

Wening naye alicheka kidogo. Akajifuta mikono yake mikavu kwenye batiki ya zambarau, sare ya msafara, ambayo mama yake alishonewa kabla hajaugua na kumwachia binti nafasi yake.

Wote walikuwa wauza vitambaa wa soko moja nyumbani kwao, mji wa Solo. Kiongozi wao, Teguh, hakupenda kuhesabu watu. Kabla ya kuondoka alimpa kila mmoja mwenzake.

"Kila tukipanda basi nitauliza, mwenzako yupo? Wewe ndiye unayemjibia. Ukimsahau, tunamwacha."

Katika safari za miaka yote, Bi Lastri alipangwa na mama yake Wening. Safari hii alijishikiza kwa akina Murtini, dada wawili wa duka la jirani.

"Sisi tutakuwa watatu," alimwambia Teguh. "Huyu mtoto mkimya, hana shida."

Wening alitaka kusema kwamba yeye amebaki bila wa kumjibia, akaona aibu.

Kesho yake ya kufika Osaka, lifti ya hoteli ilikataa kupanda akiwa ndani peke yake. Milango ya vioo haikumfungukia, kwa hiyo alijifunza kupita akiwa amejibana nyuma ya mgongo wa mtu. Kopo la tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa, walilotoka nalo nyumbani lilizunguka basini mkono kwa mkono, likamruka. Hakuna aliyemchukia. Kila asubuhi aliwahi kusimama karibu na mlango wa hoteli, asije akakosa mgongo wa kufuata.

Alasiri ya mwisho walipelekwa kwenye jengo la maduka. Wakati wa kurudi, wale watatu walitoka wameshikana mikono, Wening nyuma yao. Mlango ulijifunga kwenye kisigino cha Bi Lastri, kana kwamba hakuna aliyemfuata.

Wening aligonga. Bi Lastri aligeuka, akajitazama kwenye kioo, akaweka mtandio sawa, akaenda zake.

"Utajiumiza vidole, binti," ilisema sauti.

Kwenye benchi kando ya mlango alikaa mzee mwenye kofia nyekundu ya msafara, imepauka.

"Mimi Sahat Manurung, wa mji wa Medan, nchi moja na nyinyi. Nilikuja na kundi la kanisa."

"Lini, Baba?"

"Miti ya hapo nje imechanua mara mbili tangu hapo. Njaa hutaipata. Kule chini wanaonjesha biskuti, unaokota zinazobaki."

"Mtu anatokaje?"

"Mpaka aitwe kwa jina lake. Kujiita mwenyewe hakusaidii, nimejaribu mpaka koo likaota vidonda. Na hawa wanaopita hawatuoni." Alisogea. "Niite, binti. Nikifika nje, na mimi nitakuita."

Basi lilikuwa linanguruma. Wening hakuwahi kupaza sauti mbele ya watu tangu aache shule.

"Sahat Manurung!"

Mlango ulifunguka. Mzee alishika kofia yake akatoka mbio. Wening alikuwa mgongoni kwake kabisa, lakini kioo kilijifunga mbele ya pua yake.

Mzee hakuwa ameuliza jina lake.

"Baba! Mimi Wening! Wening!"

Mzee alikuwa ameshafika barabarani, anapungia teksi.

Kupitia kioo Wening aliwaona wenzake madirishani. Teguh alisimama mbele, akauliza. Swali halikusikika, ila midomo yote ilifunguka pamoja kujibu. Bi Lastri aliinua mikono miwili, mmoja kwa kila dada.

Basi liliwasha taa ya kushoto, likaingia barabarani taratibu.

Wening alikaa kwenye benchi. Lilikuwa bado na joto la mzee.