Transfa Iliyokauka

"Mama Dereva, hivi hilo gari lako linatembea au linasaga mahindi?"

Jirani wa ukuta mmoja aliuliza hivyo asubuhi moja, mswaki ungali mdomoni, povu likimchuruzika kidevuni. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa tu mtu wa kusema kila kilichomgonga sikioni.

"Linafanya yote mawili," Mama Dereva akamjibu. "Nisubiri hapohapo, nakuletea unga."

Wakacheka, akatia gia, akaondoka. Alipofika kona ya kwanza kicheko kilikuwa kimeshamwisha. Mlio ule alikuwa akiusikia tangu wiki iliyopita: mwembamba, wa chuma kusuguana na chuma, ukitokea chini ya kiti na kupanda kila mwendo ulivyopanda. Alijua unatoka wapi. Alijua pia ni nani aliyeuleta, na kila jioni alimwomba Mungu amwondolee moyoni dharau aliyokuwa nayo juu ya mtu huyo, kisha akaongeza kwamba si lazima iwe wiki hii.

Gari lenyewe lilikuwa fowili ya zamani, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kubwa kiumri kuliko kitinda mimba wake, aliloachiwa na marehemu mumewe aliyekuwa dereva maisha yake yote. Nyuma ya giaboksi ya gari kama hilo kuna sanduku jingine la chuma, mafundi huliita transfa. Hilo ndilo linalogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma. Transfa ikifa, fowili inakuwa gari tu kama magari ya watu. Na kazi ya Mama Dereva haikutaka gari kama magari ya watu. Kila siku, jua likichomoza, alipanda mlimani kwa wafugaji kukusanya madumu ya maziwa, akayashusha kituo cha maziwa kabla ya saa tatu. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua zikianza iliteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Gari lilikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi. Sili, kipete cha mpira kinachozuia mafuta kati ya transfa na giaboksi, ilikuwa imelika, kwa hiyo mafuta ya transfa yalihama kidogokidogo kuingia giaboksi. Chini hapakuanguka hata tone. Kubadilisha sili hiyo kulitaka giaboksi nzima ishushwe, na marehemu hakumwamini binadamu yeyote aishushe. Basi kila Jumamosi ya pili alilala chini ya gari, akapunguza mafuta kwenye giaboksi iliyoshiba, akairudishia transfa yenye njaa. Mkewe alishika beseni. Alilishika miaka kumi na tisa. Mume alipofariki akaendelea mwenyewe, bila kumtangazia mtu.

Ndipo akaja shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Mtaa mzima ulimwita Mjuaji, na yeye alidhani ni sifa. Alikuwa na pikapu nyeupe aliyoiosha kila asubuhi na asiyoipakia kitu, maana mzigo ungekwaruza rangi. Siku hiyo alimkuta Mama Dereva amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, miguu nje.

"Shemeji! Mjane mzima unagaagaa chini ya gari barabarani? Watu watasema sisi ndugu tumekutupa!"

"Naweka mafuta tu, shemeji."

"Mafuta yana wenyewe. Marehemu alikuwa dereva, hakuwa fundi. Mimi nitalipeleka kwa mtaalamu, na kuanzia leo nisikuone huko chini."

Alinyamaza kwa heshima. Huyo alikuwa mkubwa wa mumewe, na yeye alilelewa kuinamisha macho wakubwa wanapoongea. Mwaka ule aliyajutia mengi mbele za Mungu, lakini hakuna alilojutia kama ukimya ule. Gari likaenda kwa mtaalamu, likarudi limepakwa rangi nyeusi kwenye bampa. Jumamosi zikapita, moja, ya pili, ya tano. Akasubiri kuambiwa na wanaojua.

Jumanne ya mvua, katikati ya mlima, mkono mdogo wa kuingizia fowili ukaruka wenyewe kutoka kwenye nafasi yake. Magurudumu ya mbele yakalegea, ya nyuma yakazunguka bure, gari likarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Madumu kumi na moja yakapinduka. Wafugaji walisimama na miamvuli yao wakitazama maziwa yakiteremka mfereji mmoja na maji mekundu ya mvua. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

Msimamizi wa kituo cha maziwa hakuwa mtu mkali. "Mama, kesho nitatafuta gari la kuazima," alimwambia. "Lakini Alhamisi saa tatu maziwa yasipofika hapa, hiyo njia nampa mtu mwingine. Mtu ameshaniomba."

Hakumtaja. Hapakuwa na haja.

Jumatano asubuhi gari lilifika kwa mtaalamu likiunguruma kama mgonjwa wa pumu. Mtaalamu aliitwa Injinia. Alivaa koti jeupe la kidaktari, kalamu tatu mfukoni, na halikuwa na doa hata moja la grisi. Mtu akitaka kujua fundi anafanya kazi au hafanyi, alifikiri Mama Dereva, asitazame cheti ukutani, atazame kucha. Za Injinia zilikuwa safi kuliko zake yeye anayekanda unga.

Mjuaji alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti pekee.

Injinia aliwasha gari, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini wake sikioni, akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda wa kutosha kusoma zaburi mbili. Kisha akazima gari, akavua miwani.

"Transfa imekwisha."

"Nilijua," Mjuaji akasema. "Si nilisema? Nilijua."

"Imekwisha kwa sababu gani?" Mama Dereva akauliza.

Injinia akamjibu Mjuaji. "Mzee, kitaalamu, hiki chuma kimechoka. Kila chuma kina umri wake. Pale rafuni nina transfa nyingine, safi, lakini kuifunga ni wiki mbili, na mwili wenyewe wa gari umezeeka. Ningekushauri liuzwe vipande."

Rafuni kweli palikuwa na transfa. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, na chini ya rangi, kama kidonda chini ya poda, kulionekana ufa uliozibwa kwa gundi.

"Mafuta umetazama?" Mama Dereva akauliza tena.

Sasa Injinia alimgeukia, akatabasamu kama mtu anayempa mtoto pipi. "Mama, mafuta ndiyo kitu cha kwanza. Nilifungua nati ya kujazia mwezi jana, na leo asubuhi tena. Yamejaa hadi yanamwagika. Na chini pakavu, hakuna kinachovuja."

"Nati ya wapi?"

"Ya giaboksi."

"Na ya transfa?"

Injinia akamtazama Mjuaji, Mjuaji akamtazama Injinia.

"Mama, hivi vitu vimefungwa pamoja," Injinia akasema polepole. "Ukitazama kimoja umetazama vyote."

Mama Dereva alivuta pumzi. Kumbe ndiyo hivyo. Mwezi na zaidi, koti jeupe, kalamu tatu, na mtu huyu hakujua kwamba masanduku mawili ni masanduku mawili. Mumewe, aliyeishia darasa la tano, asingemruhusu hata kushika beseni.

"Mimi nimeishia darasa la saba," alisema, "na tulifundishwa kwamba ukitaka kujua chungu kina maji, unafunua chungu hichohicho. Nipe spana ya ishirini na nne."

"Shemeji!" Mjuaji akasimama. "Tulishakubaliana mambo ya kulala chini!"

"Ulikubaliana na nafsi yako, shemeji. Mimi nilinyamaza tu. Nipishe, umesimama kwenye mwanga wangu."

Akakaza kitambaa cha kichwa, akatandika boksi, akaingia chini ya gari. Hapo chini hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Akaifungua nati ya kujazia ya transfa, akaingiza kidole. Transfa iliyo salama hulowesha kidole mara tu kinapovuka mdomo wa tundu. Yeye alikipeleka hadi kikafika fundo la mwisho, akakipinda kuelekea chini, akakitoa. Kilikuwa kikavu, kina vumbi la kijivu lenye kumetameta.

Akatoa mkono nje ya uvungu wa gari, kidole kimesimama.

"Injinia, njoo usome."

Injinia alichuchumaa kwa shida, koti likagusa sakafu kwa mara ya kwanza.

"Sasa lete beseni."

Alipoilegeza nati ya kujazia ya giaboksi, mafuta yalitoka kwa fujo, yakapiga beseni kama bomba la uani. Yalipotulia kwenye kiwango chake, beseni lilikuwa na mafuta ya kujaza chupa mbili na nusu za soda.

"Haya ndiyo unayosema yamejaa vizuri," sauti yake ikatoka chini. "Giaboksi imevimba tumbo, mwenzake anakufa njaa ukuta wa pili, na wewe umesimama mlangoni unasema nyumba imeshiba."

Mafundi wawili waliokuwa wanavua gurudumu upande wa pili wakashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Lakini gia zimeshalika, mama," Injinia alijaribu. "Kitaalamu..."

"Zimelika. Zimelika mikononi mwako. Hapo sasa umesema kweli, hata mimi nimeona unga wake." Alisema bila kupandisha sauti, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Hazijavunjika lakini. Ukisikia chuma kinapiga kelele, bado kiko hai, kinaita. Wewe uliweka bisibisi sikioni, ukasikia nini?"

Aliyachuja mafuta kwa kitambaa safi mara mbili, akaongeza mapya kidogo, akayasukuma kwenye transfa kwa chupa laini yenye kipande cha mpira, kama alivyofanya marehemu. Aliminya, akasubiri, akaminya. Ilichukua saa nzima. Kabla ya kukaza nati alisali kimoyomoyo. Alijua yaliyo mbele yake. Meno ya gia yaliyolika hayarudi. Mkono wa fowili ungeweza kuruka tena palepale mtaroni, na safari hii pasingekuwa na kesho ya kuombea radhi.

Gari lilipowaka, mlio ulikuwepo bado, ila umeshuka, wa mtu anayekoroma badala ya mtu anayelia.

"Halitafika," Mjuaji akasema. "Najua magari. Halitafika."

"Tuombeane, shemeji," akajibu, akapiga gia.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Chini ya mlima alisimama, akaingiza fowili, akachukua ukanda mpana wa mpira wa ndani wa tairi, akaufunga mkono ule mdogo kwenye chuma cha kiti. Ukanda pekee haukumtosha. Akauegemeza na goti la kushoto, na kwa goti hilo akaupanda mlima wote, akiondoa mguu kwa klachi tu. Alihisi kila jino la gia likimgonga kwenye mfupa. Palepale penye mtaro mkono ulivuta kwa nguvu, ukataka kutoka. Akaukandamiza mpaka machozi yakamtoka, akamtaja Mungu kwa sauti kubwa, na magurudumu ya mbele yakauma udongo. Wafugaji walimpakilia madumu ishirini na nane bila maneno mengi. Mmoja tu, bibi kizee wa ng'ombe wawili, alimwuliza mbona anachechemea.

"Nimepiga magoti sana, bibi," akasema, na wala hakuwa amedanganya.

Saa tatu kasoro dakika kumi aliingia kituo cha maziwa. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa mlangoni, inang'aa. Ndani, Mjuaji alikuwa kwenye benchi la msimamizi, shati limenyooshwa, mguu juu ya mguu.

"...wala siyo kwamba nafurahi," alikuwa akisema. "Ni mke wa ndugu yangu. Ila fundi mwenyewe, msomi, kasema gari limekufa. Sasa maziwa ya watu yaozee mlimani kwa ajili ya huruma?"

Msimamizi alimwona kwanza. Akainuka.

Mjuaji akageuka. "Shemeji. Umefikaje?"

"Kwa barabara."

Wapokeaji walikuwa wameshaanza kushusha madumu, yakigonga sakafu moja baada ya jingine. Msimamizi akachovya kipimo chake kwenye dumu la kwanza, akakiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kukubali.

"Mzee," akasema bila kumtazama Mjuaji, "si uliniambia limekufa?"

"Mtaalamu alisema. Mimi nilichukua neno la mtaalamu. Na hata hivyo leo ni bahati tu. Kesho je? Keshokutwa je? Mimi pikapu yangu..."

"Pikapu yako ilete," Mama Dereva akamkatiza. Hakuwahi kumkatiza mkubwa wa mumewe tangu aolewe. "Kesho jua likichomoza, tangulia wewe kupanda mlima. Ichafue kidogo. Mimi nitakuja nyuma yako na kamba ya kukuvuta, na nitakuvuta kwa heshima zote, kwa sababu wewe ni shemeji yangu. Ukifika juu kabla yangu, njia ni yako, mbele ya msimamizi nasema."

Wapokeaji waliacha kushusha madumu. Mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Nani atakuwa shahidi?" msimamizi akauliza, uso mkavu kabisa. "Mzee, tuandikishane? Saa kumi na mbili?"

Mjuaji alitazama mlango, akaitazama pikapu yake nje, akayatazama matope yaliyoganda hadi kwenye vioo vya fowili ile kuukuu. Mama Dereva alisimama kwa mguu mmoja, goti likiwaka moto, akimngojea. Kama angesema pole tu, hata moja, angemsamehe palepale, na alimwambia Mungu hivyo.

Mjuaji akaokota funguo zake kwenye benchi, akapita katikati ya madumu akikunja suruali isiguse maziwa, akatoka kwenda kwenye pikapu yake.