Mpichi wa Rukma

Kila Jumamosi Mwalimu Dabral alimwita Saruli darasani awasimulie watoto jinsi wanawake wa milima ile walivyoyakabili mashoka kwa kuikumbatia miti. Picha zao zilikuwa vitabuni, lakini Saruli alikuwepo mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, amebanwa kati ya tumbo la mama yake na gome la mti. Alipenda kusimulia, tusifiche. Akifika pale wakata miti wanapotisha kwa bunduki, hupanda juu ya benchi, mtu mzima na magoti yake mabovu, na watoto hushika vinywa.

"Bibi, uliogopa?" Hansi aliuliza kila mara. Alikuwa msichana wa miaka kumi, mdomo kama cherehani.

"Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini sikuachia. Nanyi shikeni hilo. Ukiuacha mti leo, kesho maji yanakuacha wewe."

Wakalishika kweli. Barabara mpya ilipopimwa kupita juu ya chemchemi, na mialoni arobaini inayoitunza ikapakwa namba nyekundu ili ikatwe, watoto hawakumngoja mkubwa. Walichukua zile nyuzi ambazo dada humfungia kaka mkononi siku ya undugu, wakaifungia mialoni, kisha wakaikumbatia siku tatu mfululizo, mvua ikiwanyeshea. Saruli aliwapelekea chapati za ulezi. Alijivuna, jamani! Alitamba pale chemchemini utadhani kazaa simba.

Siku ya nne mhandisi akasalimu amri. Barabara itashushwa chini, akasema. Kijiji kikapiga ngoma. Saruli naye akacheza, mpaka alipowaona vijana wa kupima wakipigilia vigingi uani kwake, na cha mwisho wakakikita hatua moja tu kutoka kwenye mpichi.

Mpichi ule ulikuwa wa Rukma, mwanawe wa pekee. Kwao binti akiolewa, hupanda mche nyumbani kwa mama yake kabla hajaondoka na mumewe, na mama huulea kama alivyomlea yeye. Rukma aliupanda huku analia na kucheka. "Mama, usininyime maji, ee," akasema. Mwaka haukuisha, akafa kwa uzazi huko kwa wakwe, yeye na kichanga chake, na majivu yao yakaenda na mto. Kilichobaki cha Rukma duniani ni mti huo, na kitambaa chekundu cha harusi kilichofungwa shinani, kimefichwa na nyasi. Saruli aliusalimu kila asubuhi. Ukichelewa kuchanua, aliugombeza.

Kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Saruli alimfuata mhandisi.

"Mwanangu, sogeza kidogo tu."

"Mama, huku mwamba, huku korongo. Ama hapa uani kwako, ama nirudi juu kwenye mialoni. Semeni moja, mimi nimechoka na watoto wenu."

Wakubwa wote waliokuwapo walijua mti ule ni wa nani. Kila mmoja akaangalia viatu vyake. Wangesema nini? Chemchemi ni yao wote, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Asubuhi ya kukata, Hansi akaja mbio na wenzake, nyuzi mkononi.

"Bibi, huu nao tuukumbatie? Tuambie tu. Hatubanduki!"

Neno moja lingetosha. Saruli alijua wangeng'ang'ania pale hata wiki nzima, maana ni yeye aliyewafanya hivyo. Na alijua mashoka yangepanda kwenda wapi. Alitamani kulisema neno hilo. Mungu anajua alivyolitamani.

"Huu? Aa, huu si mti wa kupigania," akasema. "Mapichi yenyewe machachu, hata nyani hawayataki. Nendeni shule, mwalimu anawangoja."

"Kweli, Bibi?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Mti mchachu kama Hansi!" mmoja akatania, na wote wakakimbia wakicheka.

Saruli alikifungua kile kitambaa shinani, akajifunga kiunoni, akaingia ndani na kufunga mlango. Msumeno haukuchukua hata muda wa chai kuchemka. Alilia akiwa ameuma ncha ya sari, asisikike.

Mchana watoto walipotoka shule, matawi yalikuwa yamelala kando ya vigingi, yamejaa matunda mabivu. Wakayavamia. Hansi akauma moja, maji yakamchuruzika hadi kiwikoni. Akaacha kutafuna. Akaja taratibu mpaka mlangoni kwa Saruli, akausukuma.

"Bibi. Ni matamu."

Saruli akajipangusa macho.

"Ni matamu sana, Bibi. Mbona ulisema..." Hapo macho yake yakakiona kitambaa chekundu kiunoni mwa bibi. Hakuna msichana wa milima ile asiyekijua kitambaa cha mti wa harusi. Tunda likamponyoka.

"Kula, mwanangu," Saruli akasema. "Kuleni, yasioze."

Hansi hakula. Alimkumbatia bibi kiunoni kwa mikono yote miwili, vile alivyofundishwa Jumamosi, na alipoambiwa aende kwao, hakuachia.