Rili Zinazokunywa

Kabla ya kuosha rili, mashine ndogo ya kukunjia mshipi wa kuvulia, Drusila Kooper aliikaza breki yake hadi mwisho, ili maji yasipenye kwenye visahani vinavyoushika mshipi samaki anapovuta. Kisha aliishika juu ya beseni na kuimwagia maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye jagi, taratibu. Hakutumia mpira wa bomba, kwa sababu maji ya kasi huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Alipomaliza aliifuta, akailegeza breki ili visahani visigandamane, akatia tone la oili kwenye kigurudumu kinachopitisha mshipi, na kuitundika.

Duka lake lilikuwa katika mji wa bandari kusini mwa Namibia, pale jangwa linapoishia baharini. Rili zilizotumika gatini na ufukweni zilirudisha maji yote kwenye beseni. Zilizotumika Kisiwani hazikurudisha hata tone.

Sakkie, dereva wa winchi bandarini, alisimama kwenye kaunta akaitazama rili yake ikimaliza jagi la pili. Kama wengine mjini, alimwita Drusila Tannie, yaani shangazi, kama wanaume wazee walivyoitwa Oom, mjomba.

"Tannie Drusila, hiyo ilikesha wapi jana? Mbona ina kiu ya mlevi?"

"Ulivulia wapi?"

"Kwenye miamba ya kaskazini, Kisiwani."

"Basi ngoja. Bado haijatosheka."

Ilikunywa jagi la tatu na nusu ya la nne, ndipo maji yakaanza kudondoka. Drusila aliipima kwenye mizani: uzito ulikuwa uleule. Akaifungua. Ndani mlikuwa mkavu, hamna chumvi, na meno ya gia yaling'aa. Alikwisha kuona kwamba rili zilizokunywa hazishiki kutu, na beringi zake hudumu kuliko za rili nyingine. Sakkie alichukua rili yake, akaomba na ndoano, akaenda zake.

Sababu ilijulikana mji mzima. Kisiwa, ambacho sasa kimeunganishwa na bara kwa tuta la mawe, kilikuwa kambi ya wafungwa enzi za Wajerumani, na Wanama na Waherero walikufa humo wakibeba mawe ndani ya maji ya baridi. Mama wa bibi yake Drusila alikuwa mmoja wao. Bibi alisema kwamba mwishoni mama yake hakuuliza habari za watoto wala za mume. Aliomba maji tu, na kikopo cha siku hiyo kilikuwa kimekwisha. Siku hizi pale pana mahema ya wavuvi wa burudani, na meko ya kuchomea nyama yamejengwa walikozikwa.

Oom Barend Louw ndiye aliyekodi eneo la mahema, na ndiye mwenyekiti wa klabu ya wavuvi. Alikuja duka likiwa tupu, akavua kofia.

"Tannie, wageni wangu wakiosha rili kwenye bomba la kambini, tangi linakauka kabla ya chakula cha mchana. Siwezi kuendelea hivi. Klabu inanunua rili mpya kwa wanachama wote. Nichagulie."

Drusila aliweka mbili juu ya kaunta. Barend alizungusha mkono wa kila moja, akasikiliza. Alizijua rili vizuri.

"Hii ya kwanza ni ya wazi," Drusila alisema. "Mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua akaitia grisi. Hii ya pili ina sili za mpira, za kuzuia maji, kila panapozunguka."

"Ni nzito kidogo kuzungusha."

"Ni sili hizo. Utazoea."

"Sasa ipi, kwa bahari yetu?"

Drusila aliigusa ile ya wazi. Angeweza kusema kwamba sili hupasuka kwa baridi ya huku, na klabu nzima ingeamini, maana hakuwahi kusema uongo kuhusu rili. Wangenunua za wazi, wavulie Kisiwani, na rili zingeendelea kunywa. Aliitazama ile ya sili. Ilikuwa kazi safi.

"Kama unaniuliza habari za rili," alisema, "chukua ya sili. Wimbi likufunike, mchanga ukuingie hadi masikioni, yenyewe itazunguka. Ila hii hainywi."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Oom Barend, hamisha meko. Halafu weka maji pale kwenye miamba. Pipa moja tu."

"Mimi mpangaji tu, Tannie. Siruhusiwi kuhamisha hata jiwe. Waandikie baraza la mji."

"Nimewaandikia."

"Wamesemaje?"

"Wanalifanyia kazi."

"Basi umeona," alisema Barend kwa upole, akavaa kofia.

Rili za sili zilifika, na zilikuwa kama alivyosema. Wanachama waliziosha kambini, maji yakateleza juu yake na kwenda kwenye mtaro. Tangi halikukauka tena. Katika mashindano Barend alimtoa papa mkubwa kuliko yeye mwenyewe, na breki haikukwama hata mara moja. Alimletea Drusila kipande cha nyama ya papa huyo, kimefungwa kwenye gazeti.

Juma hilohilo, jua likizama, mwanamke aliyelowa aliingia dukani. Alitua jiwe nje ya mlango kwanza, kwa adabu, kisha akasimama mbele ya kaunta. Kwenye meza ya kazi palikuwa na rili moja kuukuu ya wazi. Drusila aliimwagia maji na mwanamke akaitazama. Ilipoanza kudondoka, mwanamke alitoka, akajitwika jiwe lake, na mwingine akaingia.

Baada ya hapo walikuja kila jioni. Foleni ilipita duka la mikate na kukata kona kuelekea kwenye tuta. Sakkie alijifunza kuomba njia.

"Samahanini, wazee wangu, nipisheni. Mimi bado niko hai, nina zamu."

Walimpisha.

Drusila hakuwa na picha ya mama wa bibi yake. Mwanzoni alizichunguza nyuso moja moja, akitafuta pua ya bibi au paji lake la uso. Wanawake wengi walikuwa nalo paji hilo. Akaacha kutafuta, akawa anampa kila mmoja maji hadi rili idondoke.

Mwenye duka la mikate alilalamika, na baraza la mji, ambalo mara hii halikuchelewa, lilituma mtu akapiga mstari mweupe kando ya barabara ili foleni isizuie wateja wake. Mwaka huohuo liliidhinisha bafu jipya Kisiwani, lenye maji ya moto, upande wa kaskazini ambako upepo ni mdogo. Mafundi walichimba msingi, wakakuta walichokikuta, wakakihamishia pembeni, wakamwaga zege.

Bafu hilo hujaa jioni, wageni wanaporudi kutoka kuvua. Upepo ukitulia, mlio wa maji huvuka ghuba hadi mjini. Foleni nzima hugeuza nyuso kuelekea Kisiwani na kusikiliza. Kisha wanageukia tena mlango wa duka, na aliye mbele anatua jiwe lake.