Dozi Mbili kwa Tulikuwepo

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, bodaboda ilisimama kwenye geti la Kituo cha Mifugo Mwangaza, Shanwe, na mama mmoja ambaye hakuna aliyemtarajia akashuka akiwa amekumbatia mbwa. Alikuwa ametoka Mishamo, kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi, alfajiri. Begani alining'iniza mfuko wa maharage, kwa sababu hakuzoea kuingia kwa watu mikono mitupu.

Kituo kilikuwa na mashine ya eksirei kwa miezi saba. Wageni wengi walikuwa wamepiga picha wakiwa wamesimama pembeni yake. Yenyewe ilikuwa bado haijampiga picha mnyama yeyote.

Dokta Pelagia alitoka mbio kumpokea. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, na mkataba wake wa miezi mitatu ulikuwa unaisha kesho yake. Alipomwona mbwa alifurahi, kisha akaona aibu kufurahia mguu uliovunjika.

"Karibu mama. Anaitwa nani?"

"Mimi ni Annonciata. Huyu ni Tulikuwepo."

Alimpa mbwa jina hilo mwaka ambao jirani aliyepakana naye shamba alianza kuwaambia watu kwamba mama huyo ni wa kuja. Tangu hapo kila jioni Annonciata alimwita mbwa wake kwa sauti kubwa, akiwa ameelekea upande wa jirani.

Tulikuwepo alilinda mahindi. Siku tatu nyuma pikipiki ilimgonga mguu wa mbele, ukabaki unaning'inia.

"Usikatwe, mwanangu," Annonciata alisema. "Nyani wanahesabu miguu. Wakiona mitatu, mwaka huu sivuni."

"Picha ndiyo itatuambia, mama."

Pelagia alimsikiliza mbwa moyo. Ulikuwa moyo wa kizee, unaruka pigo moja kila baada ya mapigo manne. Dawa ya usingizi ingeweza kuusimamisha. Alipoinua kichwa, Tulikuwepo alikuwa ameshajinyoosha kwenye meza, mguu mbovu ameuweka chini ya mashine, anasubiri.

Mkuu wa kituo, Bwana Abednego, alikuwa ofisini kwake amekalia aproni ya risasi, ile nzito ya kukinga mionzi. Aliipenda kwa sababu haikutelezateleza kwenye kiti.

"Bosi, mbwa ametulia mwenyewe. Moyo wake mbovu. Naomba tusimpe dawa ya usingizi."

Abednego alinyoosha kidole ukutani. Mwongozo ulikuwa umewekwa plastiki: kila mbwa apewe dawa ya usingizi kabla ya picha, asipolala ndani ya dakika kumi na tano, dozi irudiwe.

"Lakini bosi, mbwa anapewa dawa ili asijitikise, na ili watu wasimshike wakapigwa mionzi. Huyu hajitikisi, na hakuna wa kumshika."

"Dokta, dawa isipotumika, robo ijayo hatuletewi. Sasa wewe unataka mbwa wa Mishamo atuharibie robo?"

Akasaini fomu ya kutolea dawa.

Pelagia alirudi kumweleza Annonciata. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mchome. Huyu sindano haimtishi. Ila niahidi kitu kimoja. Ukiandika, andika alivyokuwa."

"Nitaandika, mama."

"Siyo hivyohivyo. Mimi nimeandikwa sana. Kwenye karatasi moja nimezaliwa mara mbili. Kwenye nyingine mimi ni mwanamume. Niliwaambia, wakasema ikishagongwa muhuri basi."

"Nakuahidi."

Pelagia alipima dozi ndogo kuliko zote ambazo mwongozo uliruhusu, akachoma. Tulikuwepo hakupepesa hata jicho. Moyo wake uliendelea kuruka pigo lake moja, kama kawaida. Upande wa pili wa ukuta ukasikika mlio wa paji la uso likitua mezani.

Abednego alikuwa amelala juu ya fomu, ulimi nje kidogo, miguu inarukaruka kama anakimbiza kitu.

Dafrosa, mtunza stoo, alikuja akamtazama. "Si amesaini yeye?" alisema. "Kwani ulitegemea iende wapi?"

Alimweleza dokta taratibu za pale, kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni choo kilipo. Mafuta ya pikipiki ya chanjo yalikwenda kwa aliyesaini. Mabuti ya wafugaji yalikwenda kwa aliyesaini. Maziwa ya unga ya ndama yatima alisaini bosi, na watoto wa bosi wakanenepa. Mifuko ya mchanga ya kutulizia miguu ya wagonjwa wakati wa picha ilisainiwa mwezi wa tatu, na sasa ni ngazi ya baraza la mtu. Kwa nini dawa iwe na tabia tofauti?

Dakika kumi na tano zikapita. Mbwa alikuwa macho, na mwongozo ulikuwa ukutani. Dafrosa, ambaye sasa alikaimu, hakusaini kwa haraka. Kwanza alitandika mkeka stoo, akakunja kitenge kikawa mto, akazima simu. Kisha akasaini dozi ya pili, na Pelagia alipomchoma mbwa, Dafrosa akakoroma.

Simu ya mezani iliita mara mbili ikanyamaza. Muuza dagaa alipita akachungulia, akaona ofisi iko kama siku zote, akaenda zake.

Kwa dozi ya tatu alibaki Pelagia peke yake wa kusaini. Alishika kalamu.

"Saini tu mwanangu, nitakuamsha," Annonciata alisema.

"Nikilala, picha atapiga nani?"

"Ego," mama alikubali. "Hilo nalo."

Pelagia aliweka kalamu chini. Waliulaza mfuko wa maharage juu ya bega la mbwa, mguu ukabaki wazi. Pelagia alimnong'oneza Tulikuwepo kwamba ni mara moja tu na haiumi. Wakatoka wote wawili, mlango ukafungwa, mashine ikalia. Mbwa alibana pumzi bila kuambiwa.

Picha ilitoka safi. Mfupa mmoja ulikuwa umevunjika katikati, mbali na kiungo. Mguu haukuhitaji kukatwa. Pelagia aliufunga kwa vibao na bandeji, na kwa furaha akarudia fundo mara tatu.

Saa kumi kasoro, wakati wa kutoka, Abednego aliamka akiwa na alama ya kalamu shavuni na moyo mweupe. Aliomba kadi ya mbwa.

"Dozi mbili zimetoka. Andika mbwa alilala."

"Hakulala, bosi."

"Basi kuna mtu alilala kazini. Tulikuwa watatu. Mimi ni bosi. Dafrosa ana miaka kumi na tisa hapa. Wewe?"

"Miezi mitatu."

"Umeona hesabu inavyokuja yenyewe?" Alitoa barua mbili kwenye droo, akaziweka sambamba. Ya kwanza ilimwongezea Pelagia mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili ilimwondoa kwa kulala kazini. "Neno moja tu, binti. Alilala. Mbwa hasomi."

"Mama yake anasoma."

Pelagia alifikiria chumba chake cha kupanga Kashaulili. Alimfikiria mama yake mzazi, ambaye alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ana kazi ya kudumu. Kisha akaandika kwenye kadi: *Alitulia mwenyewe, macho wazi. Hakuhitaji dawa.* Akasaini chini yake, na kwa kuwa pale kila kitu kilimfuata aliyesaini, utulivu ule ulimjia. Ulianzia vidoleni ukapanda mpaka mabegani.

Abednego alirudisha barua ya kwanza kwenye droo. Ile ya pili hakuisaini. Alikuwa mtu mwenye uzoefu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa saini, ule wa mwenye kuondoka, na Pelagia akausaini bila mkono kutikisika.

Stoo, Dafrosa alikuwa anakunja mkeka. Hakuubeba nyumbani. Aliuegemeza nyuma ya mlango, kwa sababu mashine sasa imeanza kazi na mbwa wataendelea kuja.

Getini bodaboda ilikuwa inanguruma. Annonciata alipokea kadi akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kisha akairudia kwa sauti ili Tulikuwepo naye asikie. Alitoa kifuani mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote, akazipanga upya, na kadi ya mbwa akaiweka juu.

"Na wewe wamekuandika nini?" aliuliza, macho yake yakiwa kwenye barua mkononi mwa Pelagia.

"Kwamba nililala."

Annonciata alisogea mbele kwenye siti, akampakata mbwa vizuri, akapigapiga nafasi iliyobaki nyuma yake.

"Panda," alisema. "Tutakushusha Kashaulili."