Basi Lisilomtegemea Mtu

Benon alipostaafu kazi ya kutunza ghala kule Masoro, alimwambia mkewe kwamba anataka jambo moja tu lililobaki hapa duniani: kukaa mahali ambapo hakuna mtu atakayebisha hodi kuomba ngazi, sururu au chumvi.

Mukunde akajibu, "Amina," akidhani mumewe anasali.

Naye alikuwa anasali kweli. Kila alfajiri, kwa muda wa mwaka mzima, Benon alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Bwana, nipe makao ambayo hayamtegemei mtu yeyote isipokuwa Wewe." Ilikuwa sala nzuri, na Mungu husikia sala zote, hata zile ambazo mwombaji hakuzifikiria vizuri.

Jibu lilikuja kwa sura ya basi. Lilikuwa basi la viti ishirini na tisa, lililochoka kupanda milima, likauzwa kwa bei ya chuma. Benon alilinunua, akaliegesha nyuma ya nyumba yao Gatsata, akaanza kung'oa viti. Juu ya paa angeweka sola. Chini ya sakafu, tangi la maji ya mvua. Kwa nyuma, choo cha maranda kisichohitaji bomba. Kisha wangeondoka, wawili tu, wakaegeshe kando ya ziwa ambako hakuna mikutano wala michango wala mtu anayetaka ngazi.

Tatizo lilikuwa Mukunde mwenyewe.

Wote wawili walikulia Karagwe, watoto wa wakimbizi, na mpaka leo wakitaka kubishana vizuri walibishana kwa Kiswahili.

"Nimelala kwenye turubai, Benon," Mukunde alisema. "Nikalala kwenye nyasi, nikalala chini ya bati la watu. Kila mwaka tukihama. Nilipofika hapa niliapa kwamba silali tena mahali ambapo hapajatahwa."

"Hili ni basi, mama. Nani anataha basi?"

"Basi halitahwi. Nyumba ndiyo hutahwa. Wewe si unasema ni nyumba?"

Kutaha nyumba, kwa watu wa huku, ni kuiingia rasmi. Majirani huja na vinywaji, huketi, husema maneno mengi, na mkubwa wa ukoo huwasha moto wa kwanza. Kabla ya hapo ni kuta tu. Benon alifikiri kidogo, akaona si bei kubwa. Sherehe moja, Jumamosi moja, na Jumatatu safari.

"Ukiitaha, nitaingia na nitakwenda nawe popote," Mukunde alisema. "Usipoitaha, utakwenda peke yako na sola yako."

Basi, kazi ikaanza. Benon alitaka aifanye peke yake, lakini chuma hakiungwi kwa nia njema. Alimwita Théoneste, fundi wa kuchomelea kutoka gereji ya barabarani, mtu aliyekulia Bujumbura na asiyejua kunyamaza. Mashine ya Théoneste ilipowashwa mara ya kwanza, umeme wa nyumba ya Benon ulikatika. Umeme wa jirani yao Scovia ulikuwa na nguvu zaidi. Hivyo ile nyumba ambayo haitahitaji waya wa mtu ilizaliwa kwa waya mrefu uliopita dirisha la jiko la Scovia, kila siku, kwa miezi saba.

Kitanda cha kukunja kilitengenezwa na Silvère, seremala na mwimbaji wa kwaya, ambaye alikataa kutaja bei. Tangi lilipokuwa tayari kujaribiwa, bomba la mtaa lilikuwa limekauka juma zima, na wanawake wa kikundi cha sala cha Mukunde wakapanda kilima na madumu vichwani, wakilijaza huku wakiimba. Benon aliwatazama akiwa ameshika tu kofia yake.

Kila mmoja wao Benon alimwambia neno lile lile: "Nitakushukuru siku ya kutaha."

"Mzee," Théoneste aliuliza siku moja, akivua miwani ya kazi, "hizi asante zote unaziweka wapi?"

"Naziweka pamoja. Siku ile nitashukuru watu wote mara moja, yaishe. Sitaki kuondoka na deni."

"Yaishe?" Théoneste alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Kwetu asante iko kama sungura, mzee. Ukiziweka pamoja ndiyo zinazaa."

Benon aliona huo ni mzaha wa gereji.

Jumamosi ikafika. Benon alikuwa amealika watu wanane. Walikuja sitini na zaidi, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Shangazi yake Mukunde, bibi Gahongayire, aliletwa kutoka Kagarama ili awashe moto. Benon alimwonyesha kwa fahari jiko lake la umeme wa jua.

Bibi aliliinamia, akaligusa kwa kidole. "Moshi uko wapi?"

"Halina moshi, bibi. Ndiyo uzuri wake."

"Moto usio na moshi, hata Mungu ataujuaje? Leteni makaa."

Jiko la makaa likaletwa, likawekwa pale dereva anapoweka miguu, na bibi akaliwasha huku akisali. Moshi ukatanda ndani ya basi jipya, watu wakakohoa na kushangilia.

Kisha maneno yakaanza. Scovia alisimama wa kwanza.

"Mimi sikuchangia kitu," alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Ni umeme tu. Miezi saba."

Watu walicheka.

"Nashukuru sana, mama Belyse," Benon aliharakisha kusema. "Nakushukuru kwa moyo wote." Kichwani mwake akafuta jina la kwanza.

"Asante imepokelewa," Scovia alisema, wala hakuketi. "Na kwa kuwa sisi ni watu wa kushikana mikono, mwajua tarehe mbili Agosti wanakuja kumposa Belyse wangu. Mzee Benon ndiye atakuwa msemaji wetu."

Makofi yakalipuka. Katika maisha yake Benon hakuwahi kusema zaidi ya sentensi tatu mfululizo.

Théoneste akafuata: mwanawe anabatizwa Septemba, na baba wa ubatizo amepatikana, yupo hapa, ana basi. Silvère naye: Desemba anamaliza nyumba yake, na nani ataitaha vizuri kama si mtu aliyeweza kutaha basi? Kila asante iliyotoka kinywani mwa Benon ilirudi na tarehe.

Mwishoni wakampa nafasi mwenye nyumba. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa wiki mbili. Ilisema kwamba Jumatatu alfajiri yeye na mkewe wanaondoka, kwa hiyo asanteni na kwaherini. Aliifungua. Kabla ya kusoma alimtafuta Mukunde kwa macho.

Mukunde alikuwa mlangoni mwa basi, na mto wake wa kulalia kwapani. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi, mwingine bado chini. Alikuwa anasubiri, na uso wake ulikuwa wa msichana aliyewahi kukunja turubai mara nyingi mno.

Benon alielewa, akiwa amechelewa miezi saba. Nyumba inayosema kwaheri siku ya kutahwa ni turubai tu, hata ikiwa na sola. Akisoma karatasi hii, mguu ule wa chini hautapanda.

Akaikunja.

"Karibuni," alisema. "Karibuni wakati wowote. Na Agosti... Agosti nitakuwepo."

Vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Mukunde akaingiza mguu wa pili.

Alilala usiku ule kwenye kitanda cha Silvère usingizi wa mtu asiye na safari. Na usiku wa Jumapili vilevile. Jumatatu asubuhi Théoneste alipita, akalizunguka basi akitikisa kichwa.

"Mzee, basi ikikaa sana juu ya tairi, tairi zinapasuka. Kama ni mpaka Desemba, tuiinue juu ya mawe."

Benon aliutazama usukani. Kisha akaenda mwenyewe kutafuta mawe, akachagua yale mapana, akapiga magoti kama alivyozoea kupiga kila alfajiri kwa ajili ya mambo mengine.

Dirisha la dereva likafunguka juu yake.

"Msemaji!" Mukunde aliita, kikombe cha chai mkononi. "Tuseme ni Agosti, wakwe wamefika, wamesimama mlangoni. Unawaambiaje?"

Benon, kichwa chini ya basi na tope mpaka viwikoni, akakohoa kusafisha koo, akaanza kuwakaribisha.