Kona ya Kuchomea

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Mei 1996, asubuhi, pale Onesmo, mwenyekiti wa kamati ya machimbo, alipopanda juu ya pipa na kipaza sauti chake. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kuchoma dhahabu sokoni. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, na wakubwa hawapendi moshi. Kila mtu akachomee nyumbani.

"Hao wakubwa kwao hawapiki?" mtu aliropoka.

"Wanapikiwa," Onesmo akamjibu. Watu wakacheka. Donatus naye alicheka.

Donatus alikuwa seremala wa kambi ile, nje kidogo ya Katoro. Shule aliiachia darasa la nne. Mkewe, Paskazia, alikuwa mchomaji. Wachimbaji walimletea dhahabu iliyoshikamana na zebaki, vidonge laini vyenye rangi ya fedha, naye aliviweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa mpaka zebaki ipae moshi, dhahabu ibaki. Sokoni aliifanya kazi hiyo upepo ukipiga kila upande. Sasa kazi imehamia ndani, na fundi wa ndani ni mumewe.

Akamtengenezea kona ambayo hakuna mwanamke wa kambi ile aliyewahi kuwa nayo. Alimkalisha, akapima toka kiwiko hadi sakafuni, akamchongea kigoda chenye egemeo, maana mgongo ulikuwa unamsumbua. Meza aliizungushia ukingo, chembe ikiruka isipotelee vumbini. Jiko akalizingira kwa mbao pande tatu, ndani zimepigwa bati, moto usiyumbe. Dirisha akaliziba kabisa. Moto wa kuchomea ukionekana barabarani, wezi wanajua pa kuja; hilo kila mtu kambini alilijua.

"Baba Herman, umenijengea ofisi," Paskazia alisema. "Kesho nivae tai?"

"Anza na viatu kwanza."

Majirani walikuja kuiangalia, wakatoka wameagiza za kwao. Donatus akapiga kona kama ile nyumba baada ya nyumba, na kila dirisha aliliziba vizuri.

Wakati wa mavuno ya pamba Paskazia alianza kukohoa. Fizi zikavimba. Mikono ikatetemeka, kijiko kikawa kinagonga ukingo wa meza. Halafu wachimbaji wakaleta mzigo mkubwa, akauchoma mlango umefungwa, akatoka ameshika kifua. Walimbeba hadi kwenye gari la kwenda Geita. Alikata roho wakati dereva bado anasubiri abiria wajae.

Baadaye alipita daktari mmoja mgeni, akasema ni moshi wa zebaki, kwamba chumba kilichozibwa kinaua. Aliyasema hayo akinywa soda, akarudisha chupa dukani, akapanda gari lake. Donatus alimsikiliza kama mtu anayetajiwa bei ya misumari. Kifo kile alimbebesha Onesmo na wakubwa wake wasiopenda moshi. Habari ya dirisha hakuitia mdomoni.

Akaendelea kula, kulala, kupiga randa. Kuna siku alipiga randa ubao mpaka ukaisha.

Ndipo akaja Scolastika, mdogo wake Paskazia, kutoka Runzewe, na sanduku lake.

"Mhola, shemeji?"

"Mhola duhu," alijibu, salama tu, bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kushika kazi ya dada. Wachimbaji wameshaniahidi mzigo. Nataka kona kama yake."

"Sikutengenezei."

"Basi nitachomea juu ya ndoo, nikiungua uje kunizika. Kuzika si unajua?"

Donatus akaweka randa chini. Mwanamke huyu angechoma tu, yeye apende asipende. Akamkalisha, akampima kiwiko. Safari hii alilizibua lile dirisha, akakunja bati kuwa bomba, akalitokeza juu ya paa. Scolastika alipochoma mara ya kwanza, moshi ulipanda bombani wote. Donatus alisimama mlangoni akimtazama anavyopumua. Yeye mwenyewe kifuani hakuguswa na kitu, lakini hakuondoka.

Kesho yake Onesmo alifika na sungusungu wawili, walinzi wa kambi, mmoja ana shoka.

"Fundi, hii nini? Umejenga kiwanda?"

"Ni bomba la moshi."

"Nilisema wakubwa hawataki kuona moshi, wewe unaunyanyua wauone toka Geita! Na wezi nao umewawekea bendera. Halafu Justa hapo nyuma analalamika, moshi unashukia kwenye maji yake. Bomba ling'olewe. Dirisha lizibwe kama zamani, ulikuwa unaziba vizuri sana."

"Aliyezibiwa amekufa."

"Pole, hilo tulishakupa pole."

"Na sokoni?"

"Marufuku."

"Porini je?"

"Porini wataporwa, na mkiporwa mnakuja kunililia mimi."

Scolastika alitoka, kijiko mkononi, wachimbaji watatu nyuma yake wakisubiri dhahabu yao. Sungusungu mwenye shoka alishaegemeza ngazi ukutani. Donatus akaishika ngazi, akaizuia kwa mkono mmoja, akasema taratibu, bila hasira:

"Mwenyekiti, nimekusikia. Ndani anakufa, nje unamkamata, juu unakata. Nioneshe mahali, nitapajenga leo leo. Huyu mtu achomee wapi?"